Ukurasa wa Mwisho wa Waraka

Ilikuwa saa nne usiku simu yangu ilipopokea faili kutoka kwa kijana mmoja ambaye kwa muda sasa namsaidia kuhariri habari zake. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha kwa haraka, zimepinda upande wa kushoto kama karatasi zinavyopinda zikiwa bado zimefungwa ndani ya jalada, na juu ya kila ukurasa palikuwa na muhuri mwekundu wenye neno moja: SIRI. Ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa ndani wa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kwa lugha kavu ya wakaguzi, ilieleza namna fedha za fidia ya ardhi zilivyolipwa kwa watu ambao hawakuwahi kumiliki hata mnazi mmoja katika eneo lile, huku wenye mashamba wakiendelea kuambiwa kwamba malipo yao bado yanashughulikiwa.

Niliisoma nikiwa nimesimama, na kila ukurasa uliniongezea hasira.

Kisha nikafika ukurasa wa mwisho.

Kilikuwa kiambatisho chenye orodha ya watu waliohojiwa na wakaguzi: jina, kijiji, namba ya simu na sahihi, na kwa wale wasiojua kuandika, alama ya dole gumba kwa wino wa bluu. Baadhi ya madole hayo yalikuwa yamekandamizwa sana hata mistari ya ngozi haikuonekana tena, likabaki doa tu.

Chini ya faili kijana alikuwa ameandika, "Mwalimu, tuirushe usiku huu huu? Kesho itakuwa mikononi mwa kila mtu."

Nilimjibu kwamba tusubiri. Wiki kadhaa zimepita tangu usiku ule, na bado najiuliza ni kwa haki gani nilisema neno lile. Kila siku tuliyosubiri ilikuwa siku moja zaidi ya mwenye shamba kukaa bila fidia yake, na siku moja zaidi ya waliokula fedha hizo kupanga maelezo yao. Lakini upande wa pili palikuwa na madole yale.

Masjala ya siri

Baba yangu mdogo alifanya kazi katika masjala ya siri ya ofisi ya mkoa kwa miaka mingi hadi alipostaafu. Nilikwenda kumwona bila kumweleza kilichonipeleka, nikamsalimu, tukazungumza habari za afya na za mvua, kisha nikamwomba anieleze kazi yake ilivyokuwa. Alinieleza kwa fahari. Barua ya siri ilitiwa ndani ya bahasha mbili: ya ndani ndiyo yenye muhuri, ya nje ina anwani tu, ili hata tarishi asijue amebeba nini. Jalada lilipotoka liliandikwa daftarini, nani kalichukua na folio, yaani karatasi yenye namba, ya mwisho ni ya ngapi, na liliporudi folio zilihesabiwa upya mbele ya aliyelirudisha. Chumba kilikuwa na ufunguo wake, na yeye aliutunza kwa miaka yote hiyo bila kuupoteza hata mara moja.

Nilimuuliza kama siri zile zilikuwa siri kweli.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, majalada ya kulinda nchi yalikuwa machache. Mengi yalikuwa na watu wawili ndani yake: mkubwa aliyekosea, na mdogo aliyemsema. Muhuri ulikuwa mmoja kwa wote wawili."

Tangu siku hiyo sijaweza kuutazama mjadala huu kama nilivyoutazama zamani. Tumezoea kuuliza iwapo siri za serikali zichapishwe au zisichapishwe, kana kwamba siri ni kitu kimoja. Waraka mmoja unaweza kumficha mwizi kwenye ukurasa wa tatu na kumficha shahidi kwenye ukurasa wa ishirini. Anayeuficha wote anamlinda mwizi kwa kutumia mgongo wa shahidi, na anayeuanika wote anamfikisha shahidi mikononi mwa mwizi.

Zipo nyaraka zisizo na ugumu huu. Mwaka 2014, nyongeza ya mkataba wa gesi wa Kitalu Namba 2 kati ya TPDC, shirika la umma la petroli la Tanzania, na kampuni ya Norway ya Statoil ilipovuja, wananchi walijadili kwa mara ya kwanza mgawo wa gesi yao wakiwa na tarakimu mbele yao. Kilichokuwamo ni masharti ya biashara yaliyowahusu wananchi wote na yaliyofikiwa bila wao kujua. Hapakuwa na dole gumba la mtu. Waraka wa namna hiyo ningeuchapisha bila kusita, hata leo, na sioni hoja ya usalama wa taifa inayoweza kusimama mbele yake.

Ugumu huanza pale karatasi inapokuwa na watu ndani yake.

Nairobi, Agosti 2007

Kisa ninachokirudia mara nyingi ni cha jirani zetu. Serikali ya Rais Mwai Kibaki, ilipoingia madarakani, iliipa kampuni ya Kroll kazi ya kufuatilia mali zilizodaiwa kuporwa wakati wa utawala wa Daniel arap Moi. Ripoti ya kurasa 110 ilifika serikalini mwaka 2004. Ilidai kwamba zaidi ya pauni bilioni 1 zilikuwa zimehamishwa na kufichwa katika karibu nchi 30 na watu wa karibu na rais mstaafu. Kisha ikakaa kabatini. Mwishoni mwa Agosti 2007 Moi alitangaza kumuunga mkono Kibaki katika uchaguzi wa Desemba, na siku chache tu baadaye ripoti ile ikatokea hadharani kupitia WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka zilizovuja, na ukurasa wa mbele wa gazeti la Guardian la Uingereza. Serikali ilikiri kuipokea, lakini ikasema haikukamilika na kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa maneno ya kusikia.

Kuhusu haki ya Wakenya kuiona ripoti ile, sina shaka. Iliagizwa kwa fedha yao, ikahusu fedha yao, na ikafichwa na watu walioingia madarakani kwa ahadi ya kupambana na ufisadi. Hata kama sehemu yake ilikuwa ya kusikia, dawa ya maneno ya kusikia ni kuyachunguza. Kabati halichunguzi kitu.

Linalonisumbua ni alilolisema Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, mwaka 2010 alipohojiwa na gazeti moja la Uingereza. Aliyataja mauaji yaliyofuata uchaguzi ule, takribani watu 1,300 kwa hesabu yake, na watu 350,000 waliokimbia makwao, akayaeleza kuwa matokeo ya uvujishaji wao. Kisha akatetea uamuzi wake kwa kusema kwamba Wakenya walikuwa na haki ya kupata taarifa zile, na kwamba watoto wengi hufa kila mwaka nchini humo kwa malaria.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara yananiumiza.

Kwanza, sidhani kwamba ni kweli. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu vifo 1,133, na ilipoeleza chanzo chake ilizungumzia ardhi, ukabila uliopaliliwa kwa miongo, magenge yaliyolipwa na wanasiasa na risasi za polisi. Aliyekuwa Kenya au aliyefuatilia redio Desemba 30, 2007 anakumbuka matokeo yalivyotangazwa na rais alivyoapishwa jioni ile ile, kiza kikiwa kinaingia. Ripoti ya Kroll haikumchomea mtu nyumba. Lakini la pili ndilo zito zaidi. Ikiwa mchapishaji anaamini kweli kwamba kazi yake ilisababisha vifo zaidi ya elfu moja, anawezaje kulitaja jambo hilo kama hesabu, upande huu waliokufa kwa panga na upande ule waliokufa kwa malaria, kisha akaendelea na mazungumzo? Watu wa Kiambaa, waliochomewa ndani ya kanisa walimokimbilia, hawakuulizwa kama wanakubali kuingizwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Sisemi kwamba ripoti ile isingechapishwa. Nasema kwamba mchapishaji aliyeko mbali hujiona mkubwa kuliko alivyo, na ukubwa huo humfanya asiwaone watu mmoja mmoja.

Barabara ya State House

Mwaka 2008 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliandika ripoti iliyoitwa The Cry of Blood, kuhusu vijana wapatao 500 waliouawa au kupotea wakati wa msako wa polisi dhidi ya Mungiki, kundi lililopigwa marufuku. WikiLeaks waliisambaza kwa dunia, na mwaka 2009 wakapewa tuzo ya habari na Amnesty International tawi la Uingereza kwa kazi hiyo. Tuzo ile walistahili. Maiti zilikuwa zikiokotwa msituni, na bila ripoti kusambazwa familia zingeendelea kuambiwa kwamba watoto wao wametoroka nyumbani.

Lakini tazama ni nani walioilipia.

Polisi mmoja, aliyekuwa dereva wa kikosi kilichohusika na mauaji hayo, aliieleza tume mambo aliyoyaona kwa macho yake. Oktoba 2008 alipigwa risasi akafa jijini Nairobi. Machi 5, 2009, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu wa Oscar Foundation, taasisi ya kutetea haki, waliokuwa wamekusanya ushahidi wa mauaji hayo na kuzungumza na mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, walizuiwa na magari kwenye barabara ya State House, karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakapigwa risasi ndani ya gari lao jioni, watu wakitazama. Saa chache kabla, msemaji wa serikali alikuwa ameituhumu taasisi yao hadharani kwamba inawatafutia Mungiki fedha.

Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Watu hao hawakuuawa kwa sababu tovuti moja ilipakia faili. King'ara na Oulu walisimama wenyewe wakasema kwa sauti zao, na kuwalaumu waliochapisha ni kumwondolea muuaji mzigo wake. Hilo nalikubali kabisa, na nimemwambia hivyo kila mtu aliyejaribu kulitumia jambo hili kama hoja ya kunyamaza. Hata hivyo, nimeshindwa kuliweka kando swali moja dogo. Siri inapotoka, hatari haigawanywi sawasawa. Aliyepakia faili anaweza kuwa Ulaya, mhariri anaweza kuwa London, na tuzo hupokelewa huko, ukumbini. Shahidi yuko pale pale Nairobi, anapanda matatu, watoto wake wanasoma shule inayojulikana, na magari yaliyomfuata jana yanajua anapolala leo.

Mwandishi wa Addis Ababa

Kuna jina ambalo nadhani kila anayeandika Afrika Mashariki angepaswa kulijua: Argaw Ashine. Alikuwa mwandishi Mwethiopia aliyeripoti kutoka Addis Ababa kwa ajili ya Nation Media Group ya Nairobi. Mwaka 2009 alizungumza na maofisa wa ubalozi wa Marekani kuhusu jambo alilolisikia kutoka kwa mtu wa ndani ya ofisi ya mawasiliano ya serikali ya Ethiopia: kwamba waandishi sita wa gazeti la Addis Neger walikuwa wakilengwa. Ofisa wa ubalozi aliandika mazungumzo yale kama maofisa wa balozi wanavyoandika kila siku, pamoja na jina lake. Gazeti lile lilifungwa kabla ya mwaka kwisha na wahariri wake wakaikimbia nchi.

Waraka ule ulikuwa mmoja kati ya nyaraka 251,287 za kibalozi za Marekani zilizovuja. Mwanzoni, Novemba 2010, magazeti matano makubwa yalishirikiana na WikiLeaks kuzichapisha kidogo kidogo, yakifuta majina ya watu ambao wangeweza kudhurika. Ilikuwa kazi ya polepole na ya kuchosha, na waliokuwa na haraka waliibeza. Kisha mnyororo ukakatika: nywila ya faili zima ilichapishwa ndani ya kitabu na waandishi walioamini kwamba haifanyi kazi tena, nakala ya faili ilikuwa tayari inazunguka kwenye intaneti, na mwanzoni mwa Septemba 2011 WikiLeaks wakaamua kuachia nyaraka zote bila kufuta jina hata moja. Magazeti yale matano yalilaani uamuzi huo kwa pamoja.

Siku hizo hizo Ashine aliitwa na maofisa wa serikali mjini Addis Ababa, kisha na polisi, wakimtaka amtaje aliyempa habari. Alipewa saa 24. Alichagua kuiacha nchi yake.

Sikatai kwamba ndani ya nyaraka zile yalikuwamo mambo ambayo wananchi wa nchi nyingi walikuwa na haki ya kuyajua. Lakini jina la Ashine halikumfundisha raia yeyote jambo lolote kuhusu serikali yake. Lingefutwa, waraka ungebaki na thamani ile ile yote, kila tuhuma mahali pake, na mwandishi mmoja angebaki kazini kwake. Daniel Ellsberg, Mmarekani aliyetoa zile nyaraka za siri za serikali yake kuhusu vita vya Vietnam mwaka 1971, alibakiza juzuu nne kati ya 47 kwa sababu zilihusu mazungumzo ya amani ambayo hakutaka kuyavuruga. Alikuwa mtu mmoja, akitumia mashine ya kunakili ya zama zile, ukurasa baada ya ukurasa, na alipata nafasi ya kuchagua kwa sababu alijua kilichoandikwa ndani.

Juni 2024, Assange alipofikishwa mbele ya mahakama ya Marekani kisiwani Saipan, akakiri kosa moja na kuachiwa huru, jaji alieleza kwamba kwa maelezo ya serikali yenyewe hapakuwa na mtu anayejulikana kudhurika mwilini kutokana na taarifa zile. Nilifurahi kuona mtu aliyekaa gerezani miaka zaidi ya mitano anarudi kwao, kwa sababu kumfunga mchapishaji ni kuwatisha wachapishaji wote, wazembe na waangalifu. Lakini kipimo kile cha majeraha ya mwili kiliniacha na huzuni. Mtu akiikimbia nchi yake kwa saa 24, mwili wake ukiwa mzima, tunamwandika katika safu gani?

Mhasibu wa kike pekee

Nilikuwa nimefika hapo katika fikra zangu nilipomwambia kijana aandae nakala ya ripoti yetu bila ukurasa wa mwisho. Ilionekana kuwa jibu: tutoe ushahidi wa wizi, tubakize majina. Akaifanya kazi hiyo vizuri, akanitumia.

Nikaisoma tena ripoti yote kama ningekuwa mmoja wa wale waliokula fedha na ninatafuta aliyenisema. Kwenye ukurasa wa tisa, wakaguzi walikuwa wameandika kwamba taarifa za hundi zilithibitishwa na "mhasibu wa kike" wa kituo kile. Kituo kile kina wahasibu wachache, na mwanamke ni mmoja. Mahali pengine palitajwa mzee mwenye shamba "karibu na kisima cha zamani." Wanakijiji wote wanajua ni nani. Pembezoni mwa kurasa mbili palikuwa na maandishi ya kalamu ya mtu aliyeipitia ripoti kabla haijapigwa picha, na mwandiko ni kama uso kwa wafanyakazi wenzako.

Na hapo nilikuwa sijafika kwenye yale yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 2017 chombo cha habari cha The Intercept kilipata waraka wa siri wa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, kuhusu majaribio ya Urusi kuingilia mifumo ya uchaguzi. Kabla ya kuuchapisha waliwaonyesha maofisa wa serikali nakala yake ili kuhakikisha kwamba ni wa kweli, jambo ambalo mhariri yeyote mwangalifu angelifikiria. Wapelelezi waliona alama za kukunjwa kwenye karatasi, wakajua imechapwa kwa mashine, wakaangalia kumbukumbu na kukuta ni watu sita tu waliouchapa waraka ule. Mmoja wao, Reality Winner, aliyekuwa ameutuma, alikamatwa kabla habari yenyewe haijatoka, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 63. Nia ya wachapishaji ilikuwa njema, na baadaye walikiri kwamba hawakufikia kiwango chao wenyewe cha uangalifu. Yeye alikuwa gerezani.

Basi tukaachana na wazo la kuchapisha kurasa. Tuliamua tuandike habari kwa maneno yetu, tukithibitisha kila malipo kwa njia nyingine: daftari la kijiji, risiti, watu waliolipwa na wasiolipwa. Ni kazi ndefu. Kijana hakuipenda, na sababu zake zilikuwa nzuri. "Mwalimu," aliniambia, "bila kuonyesha karatasi watasema tumetunga." Ni kweli, watasema. Msomaji wa leo anataka kuuona muhuri kwa macho yake, na wakubwa wanajua hivyo.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitegemea. Kupitia mtu anayeaminika, tulimfikia mmoja wa wale walioweka dole gumba, mama mmoja wa makamo aliyepoteza minazi na mikorosho yake bila kulipwa. Tulitaka kumweleza kwamba jina lake halitatoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamjibu mjumbe wetu: "Mwambie mwanangu huyo, mimi jina langu walitoe. Niliwaambia wale wakaguzi kwa sababu nilitaka lifike juu. Wakilifuta, mtu atasema sikuwahi kusema kitu."

Sikuwa na jibu.

Nilikuwa nimetumia wiki nzima nikifikiria namna ya kumlinda, na katika kufikiri huko sikuwahi kumpa nafasi ya kuwa mtu mwenye kauli. Lakini je, anajua hatari yote? Je, sisi tunaijua? Na akitoa ridhaa kwa jina lake, jirani yake aliye mstari mmoja chini atabaki salama, wakati waliohojiwa pamoja wanajulikana kijijini? Tulikubaliana naye kwamba atazungumza katika habari kwa jina lake, kama mwananchi aliyenyimwa haki, bila kutaja kwamba aliwahi kuhojiwa na wakaguzi. Alikubali, ingawa nadhani alituona waoga. Pengine ana haki ya kutuona hivyo.

Bahasha iliyofungwa tena

Wenye kupendelea usiri hutoa mfano wa Tume ya Waki, na ni mfano wa maana. Tume ile ilikataa kutangaza majina ya waliotuhumiwa kupanga ghasia. Iliyatia katika bahasha, ikamkabidhi Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi, na Julai 2009 Annan akaipeleka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo aliifungua, akasoma, akaifunga tena. Nia ilikuwa kulinda ushahidi na waliotoa ushahidi huo, na wakati ule niliona ni busara kubwa.

Usiri huo haukutosha. Septemba 2013, kesi ya mwanasiasa William Ruto na mtangazaji wa redio Joshua arap Sang kuhusu ghasia zile ilipoanza, shahidi wa kwanza alizungumza sauti ikiwa imebadilishwa na uso umefichwa, na bado jina lililodaiwa kuwa lake likasambazwa mitandaoni kabla ushahidi haujaisha, hata jaji akalazimika kuonya kwamba kumfichua shahidi ni kosa. Mashahidi walijitoa mmoja baada ya mwingine. Aprili 2016 kesi ilisitishwa, majaji wakitaja kuingiliwa kwa mashahidi, na waliouawa mwaka 2008 wakabaki bila wa kuwajibika.

Waliosambaza jina lile nao walikuwa wachapishaji wa siri. Walikuwa na simu, walikuwa na taarifa iliyofichwa na taasisi kubwa, na bila shaka baadhi yao waliamini kwamba wananchi wana haki ya kujua. Ndiyo maana siwezi kukubali kanuni inayosema tu kwamba siri yoyote ya wenye mamlaka ni halali kuanikwa. Lazima kwanza niulize taarifa hiyo inamuweka nani wazi mbele ya nani.

Sheria inamwona nani

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inaweza kumtia hatiani anayetoa waraka wa siri na anayeupokea, bila kujali sana kama waraka wenyewe unahusu mizinga au fidia ya minazi. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani imemaliza tatizo. Inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika. Aliyempa kijana wetu ripoti alijua kwamba mamlaka husika ndiyo iliyoiagiza ripoti hiyo, ikaisoma, ikaigonga muhuri na kuiweka kabatini. Mtu kama huyo, akimpelekea mwandishi wa habari, anatoka nje ya kivuli cha sheria.

Naamini Bunge linaweza kukirefusha kivuli hicho bila kuifungulia nchi hatari yoyote. Mtumishi aliyetoa taarifa kwa wakubwa wake au kwa chombo cha uchunguzi, akasubiri muda unaoeleweka bila hatua kuchukuliwa, alindwe akiipeleka kwa mwandishi, mradi taarifa inahusu wizi, mauaji au hatari kwa maisha ya watu. Kinga hiyo isimhusu yule anayemwaga majina ya mashahidi. Kutofautisha hivyo si kazi ngumu kwa watunga sheria wanaotaka kutofautisha.

Hadi litakapofanyika, usalama wa mtoa taarifa unategemea uvumilivu wa aliyempokea. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za kuwatambua watu walioandika katika jukwaa lake wakitaja tuhuma za ufisadi. Alifika mahakamani mara nyingi kwa miaka zaidi ya mitatu. Aprili 8, 2020, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, ikamtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Nilimweleza kijana habari hizo zote kabla hatujaandika aya ya kwanza, nikamuuliza kama yuko tayari kufikishwa Kisutu kwa ajili ya mtu aliyempa ripoti. Aliomba siku mbili za kufikiri, na nilimheshimu zaidi kwa kuziomba.